Pole 214 Kwenye Simu, Watu 19 Chini ya Turubai

Wiki iliyopita dada mmoja wa Vwawa, muuza nafaka kama mimi, aliniandikia ujumbe mrefu. Alinipongeza kwa stoo mpya ya Uyole, akasema ananifuatilia tangu nikiwa na kibanda kimoja, kisha akauliza: "Dada, unawezaje kuendesha biashara kubwa hivyo na bado ukabaki na watu wako? Mimi kadiri ninavyopata ndivyo ninavyobaki peke yangu. Nifundishe."

Sikumjibu siku hiyo, wala siku ya pili. Kila nikishika simu nimjibu, nilikuwa naona aibu. Alikuwa anamuuliza mtu ambaye miezi michache iliyopita alimzika baba yake, na siku hizohizo za msiba akagundua kwamba watu aliodhani anao walikuwa namba tu kwenye simu. Nimeona nimjibu hapa, maana najua hayuko peke yake. Wengi mnaosoma hapa mnatafuta ninachotafuta mimi: kiwanja cha pili, gari la mizigo, mtoto asome mpaka atosheke. Hili linawahusu.

Nianze nilikotokea, na sioni haya kulirudia. Nilianza kwa kumpepetea mchele mama mmoja pale soko la Mwanjelwa, malipo yangu yakipimwa kwa sado. Soko lilipoungua mwaka 2006 nilikuwepo. Asubuhi ile tulikaa chini kando ya barabara tukitazama moshi, na mama yule alikuwa amepoteza magunia kumi na moja. Hapakuwa na wa kumtumia chochote kwa simu. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na hata hizo simu zenyewe tulikuwa tunabipiana tu. Watu walikuja kwa miguu. Mwanamke mmoja wa Ilomba ambaye sikuwahi kumwona alikuja na sufuria la uji kichwani na vikombe kwenye ndoo, akatupitishia mmoja mmoja bila kuuliza nani ni nani. Wafanyabiashara wawili wa Tunduma waliomfahamu yule mama walilala kwake siku mbili, na walipoondoka walimwachia gunia moja la mkopo, hakuna karatasi, hakuna shahidi. Gunia hilo ndilo lililomnyanyua. Miaka mitatu baadaye yeye naye alinipa mimi gunia moja kwa namna hiyohiyo, na ndilo lililoninyanyua mimi.

Miaka ya katikati niiruke. Ni magunia, mashine ya kukoboa na madeni. Leo nina stoo mbili, Fuso moja na wafanyakazi sita. Sikurithi na sikumwibia mtu, kwa hiyo nasema kwa kichwa kilichonyooka.

Na simu ndiyo iliyonikuza, lazima niseme hivyo kwa haki. Zamani kununua mpunga Kyela ulikuwa unaondoka Mbeya alfajiri, unashuka hadi kule chini kwenye joto, unakaa kwa mwenyeji wako siku tatu mkizunguka majaruba na kula ugali na samaki wa ziwani. Siku hizi dalali ananitumia picha ya punje kwenye kiganja, tunapatana bei, natuma pesa, mzigo unapanda. Mbarali hivyohivyo. Mwaka wa kwanza nilipofanya biashara namna hiyo niliona nimepata mabawa. Yule mwenyeji wangu wa Kyela, mama aliyekuwa akinitandikia kitanda chake mwenyewe, sikumwona tena. Sikugombana naye. Sikuwa tena na sababu ya kwenda, basi.

Ndivyo ilivyoanza, na ilianza kwa upole kiasi kwamba sikuhisi. Baada ya wenyeji wa biashara walifuata majirani. Baada ya majirani akafuata baba.

Baba alikuwa kijijini kwetu, juu kidogo ya Tukuyu. Kutoka Mbeya ni kilomita kama 70, lami tupu. Nilipokuwa sina gari nilikuwa nakwenda kila Jumapili ya pili kwa kosta, nimebanwa kati ya vikapu vya ndizi na mizigo ya viazi. Nilipopata gari nikaanza kutuma pesa kila Ijumaa. Nilijivunia sana utaratibu huo. Haikupita Ijumaa hata moja. Naye kila Ijumaa alikuwa ananipigia, sauti ikiwa juu kama anayeniita kutoka ng'ambo ya bonde: "Mwanangu, pesa imefika. Wewe unafika lini?" Nikacheka, nikasema wiki ijayo, baba. Nilidhani ni utani wake. Kwa miaka minne aliniuliza swali hilohilo na mimi nikacheka vilevile.

Alifariki mwezi wa sita, usiku wa Jumatano, nyumbani kwangu Isyesye. Nilikuwa nimemleta wiki tatu kabla ili awe karibu na hospitali. Mnaoijua Mbeya ya mwezi wa sita mnajua ule ubaridi unaopenya blanketi mbili. Saa kumi alfajiri nilifanya tunachofanya wote: nikaandika ujumbe mmoja, nikausambaza kwenye makundi. Kundi la ukoo, la wauza mchele, la mtaa, la kwaya, la vikoba, la tuliosoma pamoja. Makundi kumi na moja kwa jumla. Jua linachomoza, simu ilikuwa inalia mfululizo mpaka ikaisha chaji. Nilifarijika, siwafichi. Nilimwambia mdogo wangu akodi maturubai mawili na viti 200.

Turubai la pili halikukaliwa na mtu.

Alhamisi usiku, saa nne, nilisimama mlangoni nikahesabu. Watu kumi na tisa. Sita walikuwa wafanyakazi wangu, ambao wangeanzaje kutokuja. Watano ndugu wa tumbo moja na wake zao. Mchungaji na wazee wawili wa kanisa. Waliobaki watano ndio waliokuja kwa sababu walitaka kuja. Viti vimejipanga safu kwa safu, vyeupe, vitupu, umande unavishukia. Tulikuwa tumepika debe zima la mchele wa Kyela, ule wenyewe, na ulilala kwenye masufuria. Mimi niuzaye mchele, siku hiyo sikupata wa kuula.

Na kundini? Kundini msiba ulikuwa umejaa. Orodha ya michango inanakiliwa, mtu anaongeza jina lake chini, anaweka tiki ya kijani, anayefuata anainakili tena. Mwenyekiti wa chama chetu, ambaye harusi ya binti yake niliishikia hela zote kama mweka hazina, nikalala saa nane za usiku wiki nzima nikipiga hesabu za vinywaji, aliandika "Poleni sana familia" na kuweka picha ya mshumaa. Anakaa mwendo wa dakika kumi kwa bajaji. Nimemsamehe kanisani, mbele ya Mungu, lakini nikipita dukani kwake kifua bado kinabana.

Saa tano usiku ukaingia ujumbe wa pesa. Shilingi 50,000. Jina lilikuwa la jirani yangu, ambaye nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ukuta mmoja. Nikiwa nimekaa pale kwenye turubai, taa ya sebule yake nilikuwa naiona.

Nilikasirika. Nilisimama niende nikamgongee nimuulize ana roho gani. Nikafika getini, mkono uko kwenye komeo, ndipo nikakumbuka.

Miaka miwili nyuma, mwezi uleule wa sita, mwanawe wa miaka tisa alifariki. Ulikuwa msimu wa mavuno, mpunga unatoka Usangu na Kyela kwa pamoja, ukilala unaachwa. Taarifa niliipata kwenye kundi la mtaa nikiwa mashineni. Nikasema moyoni nitakwenda jioni. Jioni Fuso iliingia, nikashusha mzigo. Kesho yake nikasema nitakwenda baada ya kulipa vibarua. Siku ya tatu walikuwa wameshasafirisha mwili. Nikamtumia pesa na ujumbe mzuri wenye mstari wa Zaburi, nikajiona nimefanya. Nilimtumia shilingi 50,000.

Alikuwa amenirudishia hela yangu, kamili, haijazidi wala kupungua.

Nilirudi kukaa. Sikulia wakati baba anakata roho, nilikuwa na mambo ya kupanga. Nililia pale, mbele ya viti vitupu.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu. Pesa ya rambirambi si mbaya. Jeneza linanunuliwa, gari linakodiwa, na iliyotumwa safari hii ilitosha na kubaki. Lakini pesa ya simu ina jambo moja baya: inafunga hesabu haraka mno. Ukishatuma, moyo unatulia. Ungekuwa hujatuma, ungebaki na deni la kwenda, na deni hilo lingekusumbua mpaka miguu inyanyuke. Tumeuzima ule usumbufu, na usumbufu ndio uliokuwa unatuleta pamoja.

Ijumaa alfajiri, kabla hatujapakia jeneza kwenda Tukuyu, nikasikia sauti getini: "Hodi hapa!" Hodi ya mdomo, si kengele. Aliingia mzee mmoja mwenye koti refu la zamani na kofia ya sufu, meno yanagongana kwa baridi. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Hapa ndipo alipolala mwenzangu?" Alikuwa ametoka Makambako. Hana simu janja, hayumo katika kundi lolote. Habari aliipata sokoni kutoka kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Alifika stendi ya Nanenane usiku, hakuijua nyumba, akalala kwenye benchi hadi kulipokucha, kisha akawauliza vijana wa bodaboda mpaka akapata anayeifahamu stoo yangu.

Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao, akaongea na baba kama mtu anayeongea na aliye hai. Kisha akakaa karibu yangu na kunisimulia baba ambaye sikuwahi kumjua. Mwaka 1972 walikuwa vibarua pamoja kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, kipande kile kigumu cha kati ya Mlimba na Makambako, chenye mahandaki na madaraja. Reli nzima, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikamilika mwaka 1975, lakini mzee huyo alisema kwao wao reli ni kile kipande tu. Alisema baba alikuwa anaogopa handaki, kwa hiyo akiingia alikuwa anaimba kwa nguvu, na wenzake wakajua kwamba baba akinyamaza, basi wametoka upande wa pili. Nilikaa na baba miaka arobaini na mitatu. Kuhusu uimbaji huo nilisikia kwa mara ya kwanza siku ya kumzika.

Akiaga alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniachia noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne. Michango ya simu niliitumia. Noti hiyo imo ndani ya Biblia yangu, na haitatumika.

Mzee huyo amenirudisha nyuma sana. Baba alipobaki kazini relini, sisi watoto tulikuwa kijijini na mama. Barua zake hazikuwa zinakuja posta tu. Mara nyingi zilikuja kwa mkono wa mtu: mfanyakazi mwenzake anakuja Mbeya kwa treni, anapanda basi la Tukuyu, anatembea hadi kwetu. Mama hakujua kusoma, mimi ndiye niliyekuwa msomaji. Lakini nikishamaliza kusoma, barua hasa ndiyo ilikuwa inaanza, maana mleta barua alikuwa amemwona baba kwa macho yake. Mama anamtilia chai, anamwekea maharage na ndizi, anamuuliza polepole. Amekonda? Anakohoa bado? Analala wapi? Nani anampikia? (Hilo la mwisho aliliuliza akitazama pembeni.) Mgeni anajibu, anakula, anajibu tena. Hadi anaondoka, mama alikuwa na habari tele ambazo kwenye karatasi hazikuandikwa. Siku hizi ujumbe unafika kwa nukta moja, na haumleti mtu yeyote mlangoni.

Na misiba je? Waliokua kabla ya simu wanakumbuka Redio Tanzania Dar es Salaam na matangazo yake ya vifo. Baba akiyasikia alikuwa anainua mkono, nyumba nzima kimya. Mtangazaji anasoma jina la marehemu, mahali na siku ya maziko, kisha: habari ziwafikie fulani wa Tunduma, fulani wa Mufindi, fulani popote alipo. Wanatajwa mmoja mmoja. Nimelifikiria hilo sana tangu mwezi wa sita. Ukishatajwa jina lako redioni, nchi nzima imesikia kwamba umesikia. Utakaaje nyumbani? Hata kama huna nauli utakopa. Mimi niliandika "Nasikitika kuwatangazia nyote." Nyote ni nani? Kila mmoja aliposoma "nyote" alidhani wengine watakwenda. Kati ya watu mia nne na zaidi waliomo katika makundi yale kumi na moja, sikumtaja hata mmoja kwa jina.

Mtaani kwetu pia tulikuwa na balozi wa nyumba kumi, mama mtu mzima, marehemu sasa. Kukiwa na msiba alikuwa anapita geti kwa geti na kanga yake mabegani. Hakuwa anasema mengi. Anasimama tu mpaka umwambie utakuja na nini: kuni, maji, au wewe mwenyewe. Hukuweza kumpuuza mtu aliyesimama mbele yako namna hiyo. Alipofariki likaanzishwa kundi la mtaa, tukaona tumepiga hatua.

Baba alikuwa na neno moja la Kinyakyusa alilolipenda: ukwangala. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, alilikuta neno hilo midomoni mwa wazee na kuliandika. Ni kukaa na wenzako, mkaongea, mkala na kunywa pamoja, bila haraka na bila shughuli maalumu. Kwa wazee wetu hilo halikuwa jambo la kupotezea muda. Walijenga hadi vijiji vyao kwa sababu yake. Wavulana wa rika moja, wakifika miaka kumi au kumi na moja, walikuwa wanaondoka kwenye boma la baba zao na kujenga vibanda vyao pamoja, wanarudi kwa mama zao kula tu. Wakikua wanaoa, wanazaa, wanazeeka katika kijiji hichohicho na rika hilohilo. Baba alisema babu yake alikaa hivyo, na kwamba mtu asiyejua ukwangala alitiliwa shaka, hata akiwa na ng'ombe wengi kiasi gani. Nilipokuwa mdogo niliona ni hadithi za wazee. Sasa ng'ombe ninao, kwa namna yangu, na shaka hiyo naiona inanistahili.

Kijijini kulijaa, niseme na hilo. Tulipofika na jeneza, wanawake walikuwa wanapanda kilima na mikungu ya ndizi kichwani na mafungu ya kuni, wengine hawajui hata jina langu, wanasema tu "Ndaga, ndaga" na kupita jikoni. Habari ilikuwa imepita kwa mdomo. Lakini huko nako upepo umeanza kubadilika. Wakati wa kushusha jeneza, mpwa wangu, kijana wa chuo, alikuwa amesimama juu ya udongo uliochimbuliwa, simu mkononi, anarekodi, anawaambia watu wasogee kidogo. Nilimwendea nikamwomba aizime. Akaizima, hakubisha. Hazikupita dakika tano kijana yule alikuwa amepiga magoti analia kwa sauti, akimwita babu yake. Alikuwa hajalia tangu Jumatano. Wakati wote huo alikuwa anatazama msiba kupitia kioo.

Wiki mbili baada ya maziko nilikwenda kwa jirani. Sikupiga simu. Nilivaa kanga, nikazunguka ukuta, hatua zisizozidi thelathini, nikasema hodi. Mtoto wake mdogo alichungulia, akaniuliza, "Umempigia mama?" Nikasema hapana. Akabaki amesimama, hajui afanye nini na mgeni ambaye hajapiga. Mama yake akatoka amejifuta mikono, uso umebadilika: "Mama Upendo, kuna nini? Kumetokea nini?" Tumefika mahali ambapo mtu akija mwenyewe, jirani anadhani kuna janga.

Nikamwambia, "Nimekuja kukupa pole ya mwanao."

Alikaa kwenye ngazi palepale. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Siku zile tatu nilikuwa nasikia geti lako likifunguliwa. Nasikia Fuso inaingia. Nikawa najiambia, akimaliza kushusha mzigo atakuja." Sikujitetea. Aliingia ndani akatoka na daftari la mtoto la darasa la tatu, tukalifungua ukurasa baada ya ukurasa, hesabu za kujumlisha, picha ya kuku aliyoichora kwa kalamu nyekundu. Nilitoka pale saa nane mchana. Simu niliiacha nyumbani, na nilipoirudia nilikuta simu kumi na saba sikuzipokea. Mzigo mmoja wa Mbarali ulikuwa umekwenda kwa mwingine. Sikuujutia.

Hatujawa marafiki wakubwa, nisidanganye. Ila sasa tunaitana juu ya ukuta, na juzi alinitumia mtoto na bakuli la makande.

Kwa hiyo dada yangu wa Vwawa, umeuliza nikufundishe. Ninachokijua ni kimoja: nenda. Ukisikia msiba, nenda kwanza, pesa itafuata. Ukisikia mgonjwa, nenda. Mtu amejifungua, nenda na sado yako ya mchele ukamshike mtoto, usiweke mioyo kwenye picha. Ukishindwa ndani ya siku tatu, nenda baada ya arobaini, na ukishindwa hapo nenda baada ya miaka miwili kama mimi, uombe radhi. Ukiwa wewe ndiye unayetangaza msiba, mpigie mtu mmoja mmoja, mtaje jina, umwambie nakuhitaji. Na wazazi wako, kama Mungu bado amekuachia, usiwatumie pesa Ijumaa ukadhani umefika.

Utasema huna muda. Nami nilisema hivyo, na kila usiku nilikuwa napitia stetasi za watu sabini kabla ya kulala. Najua nani kanunua kochi, nani yuko Dar, nani ana kisirani na mumewe. Muda wa kuyajua hayo tunaupata wapi? Tusimsingizie Mungu kwamba ametupa saa chache. Utasema tena kwamba biashara italegea. Mimi gunia langu la kwanza halikutoka benki wala kwenye programu ya mkopo ya simu. Lilitoka kwa wanawake waliokuja kukaa chini kwenye majivu na mwenzao. Usipokaa na watu leo, siku soko lako likiungua nani atakuja na uji? Simu ibaki kazini kwake, ipatane bei na madalali. Kwenye msiba wa mtu, kwenye kitanda cha mgonjwa, peleka mwili wako. Nenda. Nalirudia hili kwa sababu mimi mwenyewe niliambiwa miaka minne, kila Ijumaa, na sikusikia.

Nimepata habari kwamba yule mzee wa Makambako anaumwa miguu, haendi tena sokoni. Nimeipata kwa dereva wangu aliyepitia huko na mzigo. Nimemfungia kilo ishirini za mchele wa Kyela na blanketi zito, maana Makambako upepo wake haupumziki, na Upendo wangu tunakwenda naye, nataka asikie habari za babu yake na handaki kutoka kwa aliyekuwepo. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sijampigia mtu yeyote huko kwamba tunakuja.